Nyama ya Wanawake, Nyama ya Wanaume

Jumapili, 18 Desemba

Dada Wasume, leo ni Jumapili, na mbele ya taa hii ya chemli naahidi kwamba msimu wote wa kokwa nitakuandikia kila litakalotokea, la aibu na la kuchekesha, bila kupunguza. Wewe uko mjini unajifunza uuguzi na mwaka huu hutapanda mlimani, basi macho yangu yawe yako. Mwalimu ametufundisha kwamba mtu huandika kwanza alichokiona, halafu anachodhani, na asivichanganye. Nitajaribu.

Kesho tunapanda: Mama, Bibi, mimi, Mjomba Kiru na wanaume wa ukoo wake. Baba anabaki na nguruwe. Mikadi ya mlimani, miti yetu ya kokwa, imezaa hadi matawi yanalalamika. Lakini mwaka huu hatufuati kokwa peke yake, tunafuata pia nyama ya harusi yako. Mjomba alisimama kanisani akatangaza kwamba Pasaka, wanawake wa kwa mume wako watapokelewa kwa yagi, wale wanyama wa kijivu wa mitini, waliokaushwa kwa moshi, wengi hata washindwe kuwabeba. Mama alilia kwa furaha, akajifanya ni moshi wa mishumaa.

Apalo, yule mnyama mwingine wa mitini, hataguswa. Huu ni mwaka wa tatu tangu Mjomba aufunge msitu wake kwa ajili ya yule mwenye madoa meupe, na sheria ni ileile: anayemuua au kumfuga haruhusiwi tena kukanyaga mlima huu.

Mwali anakuja nasi, ndani ya mkoba wangu wa kamba. Humjui. Oktoba Mjomba aliua yagi wa kijivu, akakuta mtoto ndani ya mfuko wa ngozi wa tumboni mwake, akanipa nimlee. Mkia wake huuzungusha kidoleni mwangu kama pete. Bibi ndiye aliyempa jina, kwa sababu kutwa nzima amejifunika na hataki kuonekana na wageni.


Jumanne, 20 Desemba

Tumefika. Miguu yangu si yangu.

Tulipopita ule mti wa mpaka, Bibi akageuka akatutazama mmoja mmoja kama askari. Kuanzia hapo maneno ya nyumbani yamekwisha. Maji ni "laini", moto ni "mkali", mbwa ni "mwenye pua", na kila mnyama mwenye manyoya aishiye mitini, awe yagi, awe apalo, hata panya wa matawi, ni "wa juu" tu. Ukitaja jina la kweli, kokwa zinakuwa tupu ndani.

Wa kwanza kukosea alikuwa Mama. "Jamani, mbwa amelala juu ya viazi!" Bibi akamchapa begani kwa jani bichi lililolowa.

"Mama, nina wajukuu karibuni!" Mama akasema.

"Ukiwa na wajukuu ndio useme ovyo? Wakale maganda?"

Nikamuuliza Bibi kama naruhusiwa kuandika majina ya kweli. Akafikiri sana. "Karatasi haina mdomo," akasema. "Lakini usiisome kwa sauti."


Jumatano, 21 Desemba

Mvua. Kibanda kinavuja upande wangu tu.


Jumamosi, 24 Desemba

Wanaume hupanda mikadi na kuangusha vichwa vya kokwa. Sisi tunavipasua, tunavipanga juu ya moto na kuvigeuza. Vidole vimekuwa vyeusi. Wanaume wakichoka na kupanda huvuka upande wa pili wa mlima, kule chini kwenye msitu wa joto, kuwinda yagi wako.

Leo nilimpelekea Mjomba viazi akiwa amekaa peke yake juu ya gogo. Unajua alivyo, haachi kutania.

"Mpwa wangu, umeleta chakula au umekuja kunipeleleza?"

"Vyote viwili."

"Basi andika hivi: Mjomba ana huzuni." Nikacheka, lakini yeye hakucheka. Akaonyesha bonde kwa kidole. "Yule wa juu wa wanaume, niliyemfungia msitu. Zamani nikishuka hapo sikosi kumwona. Mwaka wa kwanza baada ya kufunga nikaona wachache. Mwaka jana wachache zaidi. Safari hii sijaona hata mmoja. Nani anawaua? Nimelala njiani kuwavizia wezi, nimewavizia hata ndugu zangu. Hakuna mwizi."

Anasema "wa juu wa wanaume" kwa sababu apalo huliwa na wanaume peke yao, tena hupikwa chunguni mwao, nyumbani mwao. Mwanamke hamgusi hata akiwa mbichi. Yagi ni wa wanawake na watoto, na sisi ndio tunaomchuna. Hilo unalijua tangu ulipoota meno. Naliandika tu kwa sababu Mwalimu alituambia tupange wanyama kwa makundi, na nilipoandika kwamba kundi la kwanza ni wa wanaume na la pili ni wa wanawake, alichora alama ya kuuliza pembeni.


Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Tuliimba wimbo wa Mwanakondoo, Mama akasita katikati akamtazama Bibi. Bibi akaamua palepale: kondoo hajawahi kupanda mlima huu, kwa hiyo hana jina la mlimani, na tuendelee kuimba.


Alhamisi, 29 Desemba

Mwali ana alama nyeupe nyuma ya bega. Nilidhani ni majivu. Nikamfuta kwa kitambaa chenye maji. Haikutoka.


Jumatatu, 2 Januari

Wanaume walileta yagi wawili. Mama na mimi tuliwachoma manyoya kisha tukawapasua kando ya kijito. Mmoja alikuwa na mtoto mfukoni, mdogo kama haragwe, bado amebana chuchu. Sikuweza kuendelea. Mama akanisukuma taratibu kwa kiwiko, akamalizia yeye.

Nikaona jambo ambalo nimeliona maisha yangu yote bila kuliona. Nikauliza:

"Mama, umewahi kuchuna wa kwetu asiye na mfuko?"

"Asiye na mfuko vipi?"

"Dume."

Mama akasimamisha kisu. Bibi, aliyekuwa akiosha matumbo, akajibu bila kuinua kichwa:

"Wa kwetu wote wana mfuko. Ni mnyama wa wanawake, ulitaka awe na ndevu?"

"Sasa waume zao wako wapi, Bibi?"

"Waume zao wako walipo waume wa watu wote. Wamesema wanarudi sasa hivi."

Tulicheka hadi Mama akajikata kidole kidogo. Lakini usingizini kicheko hakikunifuata.


Jumanne, 3 Januari

Ukungu. Hatukuonana hata na jirani wa kibanda cha pili.


Jumamosi, 7 Januari

Hili ni la aibu, lakini niliahidi.

Madoa ya Mwali sasa ni manne, na la tano linatoka juu ya kiuno. Leo nilipomgeuza nimpake mafuta ya kokwa kwenye kidonda kidogo cha mguuni, Mama akaona nilichokuwa nimekiona tangu juzi nikanyamaza.

"Mwali wenu," Mama akasema polepole, "ana korodani."

Bibi akasogea akachungulia. "Basi hatoki tena kwenye mkoba. Mwali gani huyu! Ametulia miezi mitatu kumbe anatudanganya."

Lakini Mama alikuwa amebadilika rangi. Akaangalia madoa, akaangalia mlango, akanivutia ndani. "Mfiche. Umenisikia? Tumemlea wa wanaume, tena tumemgusa, tena amefungiwa. Mjomba wako akijua atatufukuza mlimani, maana sheria ni yake na hawezi kuipindisha kwa dada yake. Na akishaanza kuuliza huyu ametoka tumboni mwa nani, harusi ya dada yako itakuwa na nyama gani?"

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia anaogopa kila kitu. Hakunipiga. Alikaa chini akaniambia jambo ambalo sidhani amewahi kukuambia. Mwaka alioolewa yeye, mvua iliharibu uwindaji, na akina mama wa kwa Baba walipokelewa kwa viazi na mboga. Tangu siku hiyo mama mkwe wake hakumwita kwa jina. Alimwita "mke wa viazi". Mbele ya wageni, kisimani, hata siku ulipozaliwa wewe: "Mke wa viazi amejifungua."

"Siogopi kila kitu," Mama akasema. "Naogopa hicho kimoja, kisimpate Wasume."

Nilikuwa nadhani namjua mama yangu. Nimemficha Mwali.


Jumanne, 10 Januari

Kokwa nyingi. Moshi mwingi. Yagi mwingine ameletwa. Ana mfuko.


Jumamosi, 14 Januari

Leo asubuhi Mjomba alikuwa ananoa mishale nje, na wanaume wote wamemzunguka. Akasema Jumatatu watashuka pamoja upande wa joto, mbwa wote, kwa uwindaji mmoja mkubwa, wasirudi mpaka mkoba wa mwisho ujae. Alikuwa na furaha. Akaniona akaniita: "Mpwa wangu, mwambie dada yako aanze kufanya mazoezi ya kubeba!"

Hapo ndipo nilipoona mambo yote mawili kwa pamoja, kama mtu anayefumbua macho yote mawili: Mjomba analia kwamba wenye madoa wanakwisha, na Mjomba ananoa mishale ya kuwaua mama zao. Nilichokiona ni Mwali mmoja tu na mifuko kadhaa. Mengine, kwamba yagi ni majike na apalo ni madume yao, nilikuwa nayadhani. Lakini kama ninalodhani ni kweli, Jumatatu ikipita hakuna tena wa kufungiwa msitu.

Niliingia ndani nikatoka na mkoba. Mama aliuona, akaangusha sufuria.

"Mjomba, una mkono huru?"

"Wa kukupa au wa kukuchapa?"

"Wa kushika." Nikamtoa Mwali nikamweka pajani pake.

Mwali akauzungusha mkia kwenye kidole cha Mjomba, maana yeye hajui sheria.

"Nani amekupa huyu?" Mjomba akauliza. Sauti yake haikuwa ya utani.

"Wewe."

"Mimi nilikupa wa kijivu."

"Ndiye huyu."

Alilamba kidole gumba akasugua doa. Akakinusa kidole. Akasugua tena. "Ni mkali," akasema. "Amelala karibu na mkali, moshi umemchoma manyoya."

"Moshi umenichoma hata mimi, Mjomba. Mbona sina madoa?"

Mmoja wa wanaume akapiga goti kwa kicheko. "Kiru, huyu usimwoze, mpeleke akagombee udiwani!"

Mjomba hakugeuka. "Mwanangu, mmoja si kitu. Kwa baba yangu alizaliwa nguruwe wa miguu mitano. Je, tuseme nguruwe wote wana mitano?"

Alikuwa na haki, dada. Hata Mwalimu angesema hivyo. Nikamwambia, "Ni kweli, mmoja hatoshi. Ndiyo maana nataka kuuliza."

"Rendame!" Mama akaniita.

Nikauliza. "Sisi wanawake hatujawahi kuchuna wa juu wa kwetu asiye na mfuko. Nyinyi mmewahi kumchuna wa kwenu mwenye mfuko?"

Mtu akaweka kibuyu chini. Unajua kwamba mwanamke haulizi kilichomo chunguni mwa wanaume. Hata mke wa miaka hamsini haulizi. Nikamwona Bibi anakuja na jani lake linalodondosha maji, ameliinua juu kabisa. Nikafumba macho.

Halikushuka. Nilipofumbua, Bibi alikuwa amesimama, mkono bado hewani, anafikiri.

"Hakutaja jina," akasema. "Sina pa kumchapa." Akalitupa jani motoni, likalia shii.

Mjomba alimtoa Mwali kidoleni, akanirudishia kwa mikono miwili. "Mfunike," akasema. "Anasikia baridi." Akachukua mishale yake akaingia nyumba ya wanaume.

Sijui kama tutafukuzwa. Mama amenichana nywele kama nilipokuwa mdogo.


Jumatatu, 16 Januari

Hawakushuka kuwinda. Mjomba alisema mvua inakuja. Anga lilikuwa safi kama sahani.


Jumanne, 17 Januari

Mvua bado haijaja. Uwindaji bado haujaenda.


Ijumaa, 20 Januari

Mjomba alikuja kibandani mapema akasimama mlangoni. Nilidhani amekuja kutufukuza, na Mama naye alidhani hivyo, maana alianza kukunja blanketi.

"Weka hilo chini, dada yangu," Mjomba akamwambia. "Rendame, chukua huyo mtu wako. Twende nje ya mpaka tukaseme vizuri."

Tulitembea kimya mpaka tukaupita ule mti. Mjomba akavuta pumzi, akapaza sauti: "Apalo! Yagi! Mbwa! Maji!" Akacheka peke yake. "Mdomo wangu ulikuwa unaniwasha tangu Jumamosi."

Kisha akaketi, akaniambia haya. Nayaandika kama alivyoyasema.

"Nimechuna apalo tangu sijaota ndevu, miaka mingi kabla ya kuufunga msitu. Sikuona mfuko. Nilidhani ni mimi tu. Nimewauliza wenzangu mmoja mmoja, wazee na vijana. Wameniambia maneno yaleyale kama watu waliokaririshwa: ni mnyama wa wanaume, mfuko wa nini? Nikauliza, sasa anazaliwaje? Mmoja akasema majike wanajificha pango la ndani. Mwingine akasema wanaota kwenye kuvu la mti. Mwenye kusema pango hajaliona, na mwenye kusema kuvu nilimtazama hadi akaangalia pembeni."

"Na sisi," nikasema, "tulisema waume zao wamesema wanarudi sasa hivi."

Mjomba akacheka, akacheka hadi akajilaza kwenye majani. Mwali akaogopa akapanda kichwani kwangu. Halafu kicheko kikakatika.

"Tangu babu na babu tumekaa moto mmoja. Wanaume wakajua nusu, wanawake wakajua nusu, na adabu ikatuzuia kuambiana. Nimefunga mlango wa mbele ili apalo waishi, huku jikoni nawaua mama zao na kumpelekea mama yangu awachune."

"Huenda tumekosea, Mjomba," nikasema. Nilisema kweli. "Tumeona mmoja tu akibadilika. Labda yuko apalo jike mahali."

"Labda. Lakini nikimngoja huyo wa labda huku natupa mishale, nitabaki na labda yenyewe." Akaniomba Mwali, akamweka shingoni. "Wakinicheka kwamba Kiru ameongozwa na mtoto wa kike, nitavumilia. Nitasema sheria ilimkuta mwenyewe, anayestahili kufukuzwa ni mimi, na mlima ukiwa wangu sina pa kwenda."

Nikamuuliza kama basi atamfungia msitu yagi pia. Mwali alikuwa anatafuna ukosi wa shati lake.

"Hapo ndipo nilipokwama," akasema. "Nilisimama kanisani. Mama mkwe wa Wasume alikuwa amekaa kiti cha mbele. Ahadi ikishatoka si ya aliyeitoa tena, ni ya aliyeahidiwa. Nikifunga leo, nimemwibia mpwa wangu harusi ili nijisafishe mimi. Siwezi. Na nikiwinda, nimejua ninachofanya. Hilo nalo siwezi. Anayeweza kunifungua ni dada yako peke yake. Na asilazimishwe. Umwandikie yote, hata yale yanayonifanya nionekane mpumbavu, na umwambie hivi: akisema ndiyo au akisema hapana, mimi ni mjomba wake."

Mbwa wamefungwa mpaka jibu lako lifike.


Jumanne, 24 Januari

Kesho Mama anashuka na kokwa, na gari la misheni linaondoka bondeni Alhamisi. Kurasa hizi zitakuja nalo. Dereva ameagizwa asubiri mpaka umalize kusoma, naye hurudi siku ya pili yake.

Jioni hii Bibi amekuwa akitafuta dawa ya harusi yako. Kwanza akasema wapewe kuku. Kisha samaki wa kopo. Kisha akajikataa mwenyewe: "Samaki wa kopo hana mfuko wala heshima." Sasa anazichagua kokwa, moja moja, anaweka kando zile nene zisizo na ufa, na akiulizwa ni za nini anajibu kwamba mzee akichagua kokwa asiulizwe.

Mama aliketi karibu nami nilipokuwa naandika. Hasomi haraka, lakini alifuata kidole changu.

"Umemwandikia kwamba niliitwa mke wa viazi?"

"Nimemwandikia."

"Mahali gani?" Nikamwonyesha. Akaugusa mstari. "Basi ongeza: sikufa. Lakini usiandike kwamba haikuuma. Iliuma."

Nimeongeza, dada. Sitaki uchague kwa sababu ya Mwali, ingawa sasa madoa yake nimeacha kuyahesabu na anapanda mti mfupi kisha anarudi. Sitaki pia uchague kwa ajili ya Mjomba. Wewe ndiye utakayekaa na wanawake wale kisimani miaka yote, si mimi. Yagi waliokwisha kukaushwa hawajazi hata mkoba mmoja, na kila mgeni atakayefunua atajua kuna kilichopungua. Mjomba amesema kama utakubali, atakuja mwenyewe kwa mama mkwe wako kabla ya Pasaka aeleze sababu, mdomo kwa mdomo, ingawa itambidi ataje chungu cha wanaume mbele ya mwanamke. Mimi nimejitolea kufuatana naye.

Wanaume wanamtazama Mjomba kila asubuhi, naye anatazama njia. Basi nijibu kwa gari hilohilo, hata kwa neno moja: je, utamfungua Mjomba ahadi yake, uwapokee wanawake wa kwa mume wako kwa viazi na kokwa?